Vyumba vinne, LUKU moja

Hongera kaka kwa kumaliza vyumba vinne hapo Nkuhungu, Dodoma, ila kwa LUKU moja uliyosema (mita ya umeme wa kulipia kabla), usiingize wapangaji bado. Nilianza hivyohivyo Ilazo: mmoja anapikia jiko la umeme, mwenzake ana taa na simu tu, wanachangia umeme sawasawa. Umeme ukikata saa tatu usiku, ugomvi unakuja mlangoni kwangu. Funga mita ya kila chumba, hata ukikopa. Kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, na ni deni lako mwenye nyumba, ila wanaonunua umeme ni wapangaji, kwa hiyo kubalianeni mapema utawarudishiaje. Weka simtanki, maji ya Dodoma ni ya mgao. Mkataba msaini mbele ya mjumbe.