Setili alkoholi kwenye losheni ya mtoto, usiitupe

Dada uliyeuliza kama uitupe losheni ya mtoto kisa kopo limeandikwa setili alkoholi, subiri kwanza. Mi natengeneza losheni na sabuni za maji hapa Moshi, hili swali wateja wananiuliza kila siku, hasa wale wasiotaka pombe hata ya kunusa.

Alkoholi ni ukoo mzima aisee. Chukua mnyororo wa kaboni, chomeka oksijeni yenye haidrojeni, yaani ile OH ya shuleni, tayari una alkoholi, sasa tabia inategemea mnyororo ni mrefu kiasi gani na OH ziko ngapi. Kaboni 1 ni methanoli, sumu hiyo, ini linaigeuza mpaka inakuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva za macho, ndo maana watu wanapofuka wakinywa gongo iliyochakachuliwa na spiriti ya viwandani. Kaboni 2 ni ethanoli, ndo ya kwenye mbege na bia.

Setili ina kaboni 16! Inakuja vipande vyeupe vinateleza kama mshumaa, pombe hainuki kabisa, naiweka kwenye sufuria na mafuta inayeyuka kwenye nyuzi 49 hivi, namimina kwenye maji ya moto na imalsifaya, yaani kile kinachounganisha mafuta na maji, huku nakoroga, mwanzoni unaona kama maziwa tu ila ikianza kupoa mwiko unakuwa mzito mkononi. Kazi yake ndo hiyo, kuipa losheni uzito na kulainisha ngozi. Zinazokausha ni ethanoli na isopropili, alkoholi nyingine ya mnyororo mfupi, zinaruka haraka na zinang'oa mafuta ya ngozi.

Gliserini nayo ni humohumo, kaboni 3 na OH 3, zinashika maji balaa, na baridi ya Arusha mwezi wa saba bila gliserini visigino utavijua. Hata sanitaiza ya fomula ya WHO ina ethanoli asilimia 80 halafu gliserini asilimia 1.45 ili mikono isikauke, yaani ndugu wawili chupa moja, mmoja anakausha mwingine anatuliza.

Kwa hiyo geuza kopo usome, vitu vinapangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta ethanoli iko juu juu, ya mtoto hiyo acha. Ukikuta setili au setostearili, yaani setili iliyochanganywa na ndugu yake stearili, mpake tu. Akitoka vipele mi ningeanza kushuku manukato.