Eabegi inaokoa kweli? Majibu yangu kama mkaguzi wa magari ya ajali

Mkuu umeuliza kama eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka mbele yako gari likigonga) ina faida yoyote maana jamaa yako alivaa lori kwa nyuma, eabegi ikafumuka na bado mbavu zikavunjika, wakati mwenzake aligonga mti na gari lisilo na eabegi akatoka mzima. Mimi ni asesa wa bima, magari yaliyogongwa ndio kazi yangu ya kila siku, ngoja nikujibu vizuri.

Hao wawili huwezi kuwalinganisha, spidi tofauti, gari tofauti, walichogonga tofauti. Wamarekani walilitatua hili kwa akili sana. Kuna kipindi magari mengi yalitoka na eabegi ya dereva tu, abiria wa mbele hana, basi wakachukua ajali ambazo hao wawili walikuwa gari moja, mgongano uleule mmoja, wakahesabu nani alikufa nani alipona, halafu wakapiga hesabu hiyohiyo kwa magari ambayo wote wawili hawana eabegi. Tofauti inayobaki ndio kazi ya eabegi. Waliweza kwa sababu wana rekodi inaitwa FARS, ajali zote za barabarani zenye kifo nchi nzima tangu 1975. Makadirio yao kwa ajali za uso kwa uso ni kwamba eabegi peke yake inapunguza hatari ya kufa kwa 34%, mkanda peke yake 50%, vyote pamoja 61%. Soma tena hapo kwenye mkanda.

Na yadini ndio naliona hilo kwa macho. Gari likiletwa naanza na mkanda, nauvuta wote mpaka mwisho. Aliyekuwa amefunga, utepe unakuwa umechubuka na kung'aa pale unapopita kwenye pete ya juu kwenye nguzo ya mlango. Anayedai alifunga na hakufunga, utepe msafi kabisa, ila kioo cha mbele kina ufa wa duara kama utando wa buibui pale kichwa kilipopiga na dashibodi imepasuka usawa wa magoti. Eabegi inajaa kabla hujapepesa jicho, na asiye na mkanda breki zimeshamtupa mbele kwa hiyo inamkuta kifuani ikiwa bado inafumuka kwa nguvu zote.

Hapo ndipo watoto walipofia. Miaka ya 90 Marekani watoto walikufa kwenye ajali za spidi ndogo kabisa, wachunguzi wakifuatilia gari moja moja wanakuta mtoto hakufungwa mkanda, au kiti cha kichanga kimegeuziwa nyuma siti ya mbele. Watengenezaji wakapunguza nguvu ya eabegi. Jamani mnaopakata watoto mbele nawaomba sana, wahamisheni nyuma, na dereva ukae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani.

Mbavu za jamaa yako inawezekana kabisa ni mkanda ulizivunja, nguvu hiyo ya mgongano bila mkanda ingeishia kichwani.

Kuhusu lile gari unalotaka kununua, washa switchi bila kupiga stata uangalie taa ya SRS, yaani taa ya mfumo wa eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake sekunde chache izime. Ikibaki inawaka mfumo una hitilafu, na isipowaka kabisa ogopa zaidi, maana kuna mafundi wanachomoa balbu ili usijue eabegi ilishafumuka na haikurudishwa, hapo mwambie muuzaji gari likapimwe kwa mashine ndio mzungumze bei.