iperf3 inasoma Gbps 9.41 lakini jioni ruta inadondosha pakiti: pima kwa pakiti

Mkuu, umesema ruta yenu imeandikwa Gbps 10 (gigabiti kwa sekunde) na iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, inakupa 9.41, lakini wateja wakijaa jioni ping (muda wa kusubiri jibu) inapanda na pakiti zinapotea. Hiyo 9.41 ni ya kweli kabisa, ila haijibu kwa nini pakiti zinapotea.

iperf3 kwenye TCP (itifaki ya kawaida ya kutuma data) inajaza fremu, yaani pakiti zikiwa zimefungashwa kupita kwenye waya, za baiti 1518. Ongeza 20 za utangulizi na mwanya kati ya fremu, zinakuwa 1538 kwenye waya. Maana yake laini ikijaa unapitisha pakiti kama 812,000 tu kwa sekunde. Ukituma fremu za baiti 64, laini hiyo hiyo inabeba milioni 14.88, na kila moja inapata nanosekunde 67.2. Ruta ni kama konda, anahesabu vichwa, hapimi kilo. Kutafuta njia, NAT (kubadilisha anwani za ndani na za nje) na sheria za faiawoli ni kazi ile ile kwa pakiti ndogo na kubwa.

Fuata RFC 2544 ya mwaka 1999, waraka wa jinsi ya kupima vifaa vya mtandao: tafuta kasi ya juu kabisa isiyopoteza hata pakiti moja, kwa fremu za baiti 64 hadi 1518, na jaribio la mwisho lisipungue sekunde 60. Mimi natumia TRex, programu ya kuzalisha trafiki, kwenye mashine ya Linux yenye poti mbili za mtandao, ruta ikikaa katikati. Usizalishe trafiki ndani ya ruta yenyewe, itakula prosesa ile ile unayoipima.

Sasa hapa ndipo wengi wanadanganyika. Ukituma mkondo mmoja wenye anwani na namba za poti zile zile, kadi ya mtandao inaurundika wote kwenye kora moja (kiini kimoja cha prosesa). Kwenye ruta ya kora 8, kora hiyo ikifika 100% na nyingine zimelala, jumla inasoma kama 13% na utaapa mashine imepumzika. Badilisha anwani na namba za poti za chanzo, halafu angalia kora moja moja.

Na upime na NAT na sheria zako zikiwa zimewashwa. Zile namba nono za kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi ni za njia ya mkato, bila sheria hata moja, tena wengine wanajumlisha kwenda na kurudi.

Ukimaliza tupia hapa matokeo ya baiti 64 na 512, modeli, na idadi ya sheria ulizonazo.