IB ama A-Level kwa mtoto ambaye bado hajaamua

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu anamaliza IGCSE, ule mtihani wa sekondari wa mtaala wa Uingereza, mwaka huu na shule yao inatoa A-Level na pia hii diploma ya IB (International Baccalaureate). Yeye anataka IB juu marafiki wake wengi wanaenda huko. Baba yake alifanya Form Six enzi zile na anasema mtoto achukue masomo matatu ayaive, masomo sita ni kumchanganya tu. Shida ni mtoto mwenyewe hajaamua, leo ni udaktari kesho ni usanifu wa majengo, anachora sana na sayansi pia anapata vizuri. Tungependa aende nje lakini pesa ikikataa atasoma hapa Kenya. Je, diploma itamfungulia milango ama itamfungia? Na hizo HL, masomo ya ngazi ya juu, anachagua aje? Mama Nia, South C.

JIBU: Mama Nia salama kabisa, na umsalimie sana Baba Nia, kwa sababu hoja yake sio ya kutupa. Mtihani wa mwisho wa Form Six ulifanywa 1989 halafu mfumo wa 8-4-4 ukachukua, kwa hivyo ukimsikia anaongea juu ya masomo matatu anaongea kitu alichokipitia, na A-Level ya siku hizi bado iko karibu na hiyo, unachukua matatu, mara moja moja manne, na unachimba. IB ni kitu kingine. Ilianzishwa Geneva 1968, mwanzoni ikiwa na watoto wa mabalozi na watu wa mashirika akilini, wale wanahamahama nchi na wanahitaji cheti ambacho chuo popote kitakielewa.

Vile inakaa ni hivi. Miaka miwili, masomo sita: lugha na fasihi, lugha ya pili, somo moja la jamii kama historia au uchumi au jiografia, sayansi moja, hesabu, na la sita ni sanaa. Matatu kati ya hayo anayasoma ngazi ya juu, ndio hizo HL, kila moja saa kama 240 darasani, na matatu ngazi ya kawaida, SL, kama saa 150. Kila somo lina alama 1 mpaka 7, kwa hivyo sita zinakupa 42, halafu kuna pointi 3 za juu zinazotoka kwa insha ndefu ya maneno 4,000 na ile nadharia ya maarifa wanaiita TOK. Jumla 45. Ongeza CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na kujitolea, haina pointi lakini bila hiyo hakuna diploma.

Sasa twende kwa binti yako kabisa, maana hapa ndipo watu hudanganywa na neno "pana". Wazazi wengi wanakuja wakisema IB inaacha kila mlango wazi. Si kweli hivyo, na kwa Nia inagonga mahali pabaya sana. Angalia tena ile orodha: sayansi ni moja. Udaktari unataka kemia, na shule nyingi za udaktari zinataka na baiolojia, zote mbili HL. Sayansi ya pili inaingilia wapi? Inaingilia nafasi ya sita, ile ya sanaa, sheria zinaruhusu hiyo. Lakini ukiweka baiolojia hapo, sanaa imetoka. Mtoto anayechora usiku na mchana amejiunga na programu pana na hajapata darasa la sanaa! Na kwa A-Level, ile inayoitwa nyembamba, angeweza kuchukua baiolojia, kemia na sanaa bila kuuliza mtu, mradi ratiba ya shule ikubali. Hiyo huwa inawashangaza sana wazee nikiwaonyesha kwa karatasi. Kuna ruhusa maalum IB huwa inatoa, mtu akabadilisha mpangilio wa masomo kwa sababu chuo fulani kinadai hivyo, lakini shule ndio inaomba na lazima mwonyeshe hicho chuo kimeandika nini, sio kitu cha kujengea mipango mkiwa hamjajua hata chuo.

Kwa hivyo swali linakuwa, kati ya hizi ndoto mbili ni gani unaweza kuiweka hai bila darasa? Mimi nasema usanifu. Vyuo vingi vya usanifu, hasa Uingereza, vinataka kuona portifolio, kazi za mkono, michoro, modeli, picha za vitu ameangalia akavifikiria. Hiyo Nia anaweza kuijenga nyumbani na Jumamosi, na CAS yenyewe ina upande wa ubunifu, achore huko na ihesabike. Lakini hakuna mtu anajenga kemia HL Jumamosi. Ukiiacha kemia Agosti ya mwaka wa kwanza, udaktari umekwenda, na kuirudia baadaye ni kuongeza mwaka na karo.

Fomu yake mimi ningeijaza hivi: kemia HL, baiolojia HL, na HL ya tatu iwe somo analolipenda na analolipata bila jasho, kama jiografia, uchumi ama hata Kiingereza, usimwekee la tatu la kumuua. Halafu hesabu SL, lugha ya pili SL, na Kiingereza ama somo la jamii SL, kulingana na lile ameweka juu. Fizikia itakosa, na hapo uwe macho, kwa sababu usanifu hapa kwetu mara nyingi huangalia hesabu na fizikia, kwa hivyo hakikisha fizikia ya IGCSE imekaa vizuri, na waandikieni idara ya usanifu ya chuo mnachofikiria muulize kama hiyo ya IGCSE inatosha. Muulize kwa barua pepe ili jibu libaki na nyinyi, simu haitakusaidia mwaka kesho kutwa.

Hesabu nayo ina mtego wake. Tangu mitihani ya 2021 kuna hesabu za aina mbili, AA na AI. AA ni ile ya aljebra na kalkulasi nyingi, ya kuthibitisha vitu kwa mkono. AI inaegemea takwimu na modeli na kikokotoo muda wote. Watoto wanaambizana AI SL ni rahisi na wanakimbilia huko, na kuna kozi ambazo haitawasumbua kabisa, lakini uhandisi, fizikia, uchumi wa vyuo vikubwa, wengi wanataka AA, na mara nyingi HL. Ujerumani nao wana masharti yao ya mchanganyiko wa masomo na AI SL inaweza kukufungia kozi za kisayansi huko. Kwa Nia, AA SL ndio salama. Na kubadilisha kutoka AA kwenda AI ni rahisi, kutoka AI kwenda AA ukishachelewa wiki kadhaa ni mlima, kwa hivyo aanze na AA hata kama analalamika.

Kuna kitu kingine hakisemwi siku ya wazazi. Watu wanajua diploma inapita na pointi 24. Ndio, lakini 24 peke yake haitoshi, kuna masharti chini yake. HL tatu zikijumlishwa lazima zifike 12, SL zifike 9, usipate 1 popote, alama za 2 zisizidi mbili, wala alama za 3 kwenda chini zisipite tatu, na insha ndefu ama TOK ikipata E, alama ya chini kabisa, umeanguka. Chukua mtoto aliyepata HL 4, 4 na 3, halafu SL 6, 5 na 5, na pointi moja ya insha na TOK. Hiyo ni 28, iko juu ya 24 mbali sana, na mtoto hana diploma. Kwa nini? HL zake ni 11. Anabaki na vyeti vya masomo moja moja, ambavyo vyuo vingine vinakubali na vingine havitaki kuviona. Ndio maana nasema HL ya tatu isiwe ya kujionyesha. Kemia, fizikia na hesabu AA zote HL zinapendeza kwa mdomo wa mzazi kwenye harusi, lakini mtoto wa kawaida zinamla.

Sasa baba yake yuko sahihi wapi? Yuko sahihi kama Nia ni mtoto wa mtihani, yaani yule anayesoma kwa nguvu wiki sita za mwisho na anapasua. IB haimtaki mtu wa hivyo. Karibu kila somo lina kazi ya ndani, kwa sayansi na hesabu ni asilimia 20 ya alama, mtoto anabuni utafiti wake mwenyewe, anapima, anaandika ripoti, halafu katikati ya hizo kuna ile insha ya maneno 4,000 na ya TOK ya 1,600, na tarehe zote zinagongana, kwa kawaida mwanzo wa mwaka wa pili, na hapo hapo ndipo anaomba vyuo. Fomu za udaktari Uingereza zinafungwa 15 Oktoba, miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, kwa hivyo chuo kinamwangalia kwa alama ambazo walimu wametabiri, na walimu wanatabiri kwa kazi ya mwaka wa kwanza. Mtu akicheza mwaka wa kwanza ati ataamka baadaye, amechelewa tayari.

Unajuaje ni mtoto wa aina gani? Usimuulize, atakuambia anaweza. Kama alifanya sanaa IGCSE alikuwa na kazi ya kujenga miezi mingi, angalia tu ilimalizwa aje. Alikuwa anafanya kidogo kidogo ama nyumba nzima ilikesha siku mbili za mwisho mkigundisha karatasi? Na anapenda kuandika? Mtoto mwenye sayansi nzuri lakini akiambiwa aandike kurasa tatu anaumwa kichwa, huyo mpeleke A-Level na baiolojia, kemia na hesabu, achore jioni, atakuwa na raha na vyuo vitamchukua vizuri tu. Kama anaandika na anajipanga, IB itampa kitu A-Level haimpi, atafika chuo ashazoea kufanya utafiti na kuweka marejeo, na hapo marafiki wasiwe sababu, wawe bahati.

Juu ya kusoma hapa nyumbani msiumize kichwa mkilinganisha, kwa sababu upande huo zote mbili ziko sawa. KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kupanga watu vyuoni, inapanga wanafunzi kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa Form Four. Mwenye IB ama A-Level anaomba moja kwa moja chuoni, na chuo kinaweza kumwambia apeleke cheti KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za masomo, kitambuliwe na kulinganishwa. Anzeni hiyo mapema matokeo yakitoka, msingoje wiki ya kujiandikisha. Kwa udaktari na kozi nyingine za kitaaluma, angalieni pia bodi ya hiyo taaluma inataka alama gani kwa somo gani, kwa sababu chuo kinaweza kukuchukua halafu bodi ikuulize maswali baadaye. Wanaosomea sheria wanaijua hii kesi vizuri sana, wameipeleka mpaka mahakamani.

Pesa. Uliza shule jumla ya miaka miwili sio karo ya muhula, ada ya mtihani huwa kando na inahesabiwa kwa kila somo, na uliza kama bei ni ya shilingi ama ya dola, hiyo tofauti umeiona miaka ya juzi. Shule zenye IB Nairobi si nyingi, kuna kina ISK (International School of Kenya), Aga Khan Academy, St. Mary's, kwa hivyo kama ya kwenu inatoa zote mbili mna bahati, maana mnaweza kuuliza wahusika wa IB na wa A-Level siku moja. Waulize swali hili hasa: mwaka jana ni masomo gani ya HL yalifunguliwa kweli, sio yale yameandikwa kwa brosha. Shule ndogo inaweza kukuambia ina masomo ishirini halafu baiolojia na kemia ziko kwa kipindi kimoja kwenye ratiba, na mpango wetu wote ule umekufa hapo.

Na lugha ya pili, kama shule inatoa Kiswahili, achukue Kiswahili. Wazazi wa Nairobi wanaona Kifaransa cha kuanza sifuri ni cha hadhi, lakini kwa mtoto mwenye kemia na baiolojia HL hizo saa anazihitaji kwingine, na 7 ya Kiswahili kwa chuo ni 7 kama zingine. Wasimwekee tu ile kozi ya wanaoanza, hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kukisoma, na mtoto wa South C hawezi kuambia mtu hivyo. Akiwa na nguvu zaidi anaweza hata kukifanya kama fasihi, sambamba na Kiingereza, na hapo anapewa diploma ya lugha mbili. Nitumie matokeo yake ya majaribio na ukurasa wa ratiba ya HL mkishaupata, nitaangalia kama hiyo fomu inawezekana hapo shuleni kwenu.