Nyasi za Kahawa napima kwa mizani

Kahawa ni poni (farasi mdogo) jike wa miaka 12, na mimi ndiye saisi wake hapa Limuru. Nilimlisha jinsi nilivyofunzwa na wazee wa kazi hii: farasi akinenepa, saisi husifiwa. Ile shingo iliyokakamaa kama mpira na vile vinundu vya mafuta kwenye shina la mkia nilivihesabu kuwa afya. Vilikuwa dalili.

Asubuhi moja baada ya masika aligoma kutoka bandani. Alikuwa ametanguliza miguu ya mbele na kuegemeza uzito wote nyuma, mithili ya aliyekanyaga makaa. Nilishika kwato, zilikuwa moto. Nikagusa nyuma ya kifundo, mahali ambapo mpigo wa damu huwa hafifu, nikaukuta unagonga kidole. Daktari wa mifugo alimpima damu, insulini, ile homoni inayodhibiti sukari, ikawa juu mno. Akanieleza kwamba mwili wa Kahawa hauitikii insulini, basi kongosho linazidi kuimwaga, na ikizidi inalegeza tabaka linaloshikilia mfupa ndani ya ukwato. Hiyo ndiyo laminaitisi. Ukichelewa, mfupa unaweza kuzama au kugeuka humo ndani.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye poni mnene, nunua mizani. Kahawa alikuwa na kilo 270, nami nampa kama kilo 4 za nyasi kavu kwa siku, nimezigawa mara nne kwenye wavu wenye matundu madogo ili asikae muda mrefu tumbo tupu. Usithubutu kumnyima chakula ukidhani unamsaidia. Poni akifunga, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua.

Nyasi zenyewe ni Boma Rhodes iliyokomaa. Nazilowesha saa nzima kwenye maji baridi, kisha namwaga maji hayo mbali naye. Yanatoka na rangi ya strungi, na sukari imo humo. Madini nayo hupotea, ndiyo maana namwongezea ya unga. Molasi, chakula cha ng'ombe wa maziwa, mahindi, miwa, karoti: vyote nimeviondoa.

Karoti ndizo zilizoniumiza moyo. Mtoto wa mwenye poni alikuja na moja mkononi: “Anko, hata hii tu?” Nikachuchumaa nikamwambia, “Mamii, hii itamuumiza miguu. Chukua brashi umkune shingoni, anapenda zaidi.” Siku hizi akifika huulizia brashi kwanza.

Malishoni hakwenda hata kidogo mpaka kwato zilipopona. Sasa hutoka alfajiri, amevaa kikapu cha mdomoni cha kumpunguzia ulaji, na saa tatu namrudisha, kwa sababu jua likiwaka majani hujitengenezea sukari. Ila Julai, usiku ukiwa na baridi kali, sukari hiyo hubaki kwenye majani hadi asubuhi; siku hizo habanduki bandani. Mazoezi pia yanasaidia sana, lakini ngoja ruhusa ya daktari. Kumkimbiza mwenye kwato zinazouma ni kumvunja.

Imechukua miezi minane kufika kilo 240. Kila alfajiri, kabla sijagusa ndoo, naweka kidole nyuma ya kifundo chake. Leo nimeutafuta mpigo kitambo kabla ya kuupata.