Anayekohoa ndiye avae kwanza

Swali la juma hili linauliza kama bado kuna haja ya kuvaa barakoa na kuachiana nafasi, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza, tarehe 5 Mei 2023, kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Jibu langu ni kwamba haja ipo, ila si kwa kila mtu wala kila mahali. Ninasema hivyo nikiwa fundi cherehani wa Mwanga, hapa Kigoma, niliyeshona barakoa za kitambaa mwaka 2020 mpaka lastiki ikaadimika madukani.

Ile mita moja tuliyohimizwa kuachiana hupatikana bila taabu pale Kibirizi, ambako akina mama huanika dagaa huku upepo wa ziwa ukipeperusha khanga zao, na huko sioni sababu ya kumsumbua mtu avae chochote usoni. Ndani ya behewa la daraja la tatu, mita hiyo utaitoa wapi? Niliwahi kusafiri usiku kwenda Tabora, tumebanana watatu watatu, na baada ya kupita Uvinza baridi ikaingia, mama mmoja akaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya mtoto wake. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akikohoa tangu tulipoondoka, kikohozi kizito cha kuinamia magoti. Nilitoa barakoa kwenye mkoba nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, naomba unisaidie uvae hii, tuna mtoto hapa." Akaitikia, akaigeuzageuza mkononi, akauliza kama corona haikwisha. Hata hivyo aliivaa, na dirisha tukakubaliana libaki wazi kiasi cha kiganja, mtoto akafunikwa kitenge changu.

Nilimpa yeye badala ya kuvaa mwenyewe tu kwa sababu matone ya mate hunaswa kwa urahisi zaidi yakiwa bado mdomoni pa mwenye kukohoa kuliko yakishatawanyika behewa zima. Yaliyo madogo sana hupenya na kuelea, hivyo dirisha nalo lina kazi yake. Vimelea vya kifua kikuu, kwa mfano, huweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa, na ugonjwa huo haukungoja corona ije wala haukuondoka nayo. Yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa, na dawa zake hutolewa bila malipo.

Wapo wanaoiona barakoa kuwa mtindo wa juzi. Katika tauni ya mapafu iliyoua watu wapatao 60,000 huko Manchuria mwaka 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh aliwataka wahudumu wafunike pua na mdomo kwa shashi na pamba, kwa kuwa aliamini ugonjwa ule ulipita hewani. Mfaransa mmoja, daktari Gérald Mesny, hakukubaliana naye, akaingia wodini bila kujifunika, na siku chache baadaye akafariki kwa tauni hiyohiyo.

Lakini barakoa mbovu hudanganya, na hapa naomba niseme kama fundi. Kitambaa kimoja chepesi hakitoshi. Mwezi Juni 2020 ushauri ulikuwa tabaka tatu, la ndani likiwa pamba inayofyonza unyevu. Ikishalowa ibadilishwe, na ikishavaliwa ifuliwe kwa sabuni. Mwaka ule nilimwona kijana akitoka katika ofisi moja mjini, akaivua barakoa yake mlangoni na kumkabidhi mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu ya kuingia, naye mlinzi akaridhika kabisa. Afadhali wangeingia nyuso wazi, kwani angalau wasingevalishana mate.

Kazi yangu yenyewe hainipi nafasi ya kukaa mbali na mtu, maana huwezi kumpima mteja kifua ukiwa umbali wa mita moja. Mteja akija na kikohozi, namwomba radhi, nampa barakoa kutoka kwenye droo bila kumdai, kisha nampimia nje barazani badala ya kumwingiza kwenye kichumba changu chenye dirisha moja.