Mtoto wa jicho hasubiriwi akomae

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71 na ana kisukari. Mboni ya jicho la kulia imekuwa nyeupe, la kushoto anaona ukungu. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Ndugu wanataka tusubiri akomae, na mama anaogopa jicho litang'olewa. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mtoe mama hofu: jicho halitoki mahali pake. Kinachotolewa ni lenzi, kitu kidogo kama punje ya dengu kilicho nyuma ya mboni. Umri huifanya ipoteze ung'avu, na huo ndio mtoto wa jicho. Kisukari huharakisha. Hakuna matone, asali wala mitishamba ya kuisafisha. Vitu hivyo vikitiwa machoni huweza kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele.

Kusubiri akomae ni ushauri wa enzi za upasuaji wa zamani, tafadhali msiufuate. Lenzi iliyokomaa huwa ngumu kutoa. Ikivimba au kuvuja, presha ya jicho hupanda na kuua mshipa wa fahamu, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Jicho la kulia ndilo la kuwahi.

Kwanza atamulikwa tochi kutoka pande mbalimbali. Akiweza kusema mwanga unatoka wapi, ni dalili njema. Asipoweza, huenda tatizo liko ndani zaidi na upasuaji hautarudisha uoni wote. Kisha jicho hupimwa urefu na mbinuko wa kioo chake, ili ijulikane nguvu ya lenzi ya bandia. Msikubali kipimo hiki kirukwe. Sukari na presha ya damu zitaangaliwa pia. Zikiwa juu mno, wataahirisha. Na kama ana kikohozi semeni mapema, maana atalala chali bila kutikisika.

Atapasuliwa jicho moja kwanza, akiwa macho, kwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Kwa upasuaji wa mkono, mkato ni wa milimita 6 hadi 7. Kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ni 2 hadi 3. Lenzi hutolewa, mfuko wake huachwa, na lenzi ya bandia huwekwa humo. Kwa kawaida ni chini ya nusu saa, na mara nyingi bila nyuzi.

Bandeji hufunguliwa kesho yake. Hapo kazi inakuwa yenu, kwa wiki 4 hivi za matone. Nawa mikono, vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, afumbe kwa dakika 2. Kabla ya dawa ya pili subirini dakika 5, la sivyo itaisukuma ya kwanza nje. Dawa ya kupunguza uvimbe hushushwa pole pole, haikatishwi siku jicho linapopoa.

Kwa wiki 2 za mwanzo asibebe ndoo, asiiname kwenye moshi wa kuni, na kama anasali, asali kwenye kiti. Usoni apanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Usiku avae kikinga jicho, asije akalisugua usingizini.

Miwani ya kusomea huenda akaihitaji. Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni ule mfuko wa lenzi umefifia. Leza huufungua kwa dakika chache.

Lakini maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi au uoni ukishuka, hasa wiki ya kwanza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huenda ni maambukizi ndani ya jicho, na hayo huharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa saa, si kwa siku.